Dawa ya mafua na kemikali zinazosakwa na walanguzi

Mwezi uliopita mama mmoja, karani katika afisi moja hapa Nairobi, aliingia kliniki yangu akiwa amekasirika. Ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa. Alikuwa na mafua, pua imeziba pande zote mbili, na sauti ikitoka kama ya mtu aliyebanwa pua kwa vidole. Kilichomuudhi ni duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu anapopandia kila jioni. Alikuwa ameomba pakiti tano za vidonge vya mafua alivyovizoea, zimtoshe yeye, mumewe na watoto wao watatu, na mwenye duka akamuuzia pakiti moja tu. Tena alimhoji: ni za nani, na kwa nini nyingi hivyo?

"Daktari," akaniuliza, "siku hizi dawa ya mafua imekuwa bangi?"

Nilicheka. Nikamwambia kwanza kwamba vidonge vya mtu mzima havigawanywi kwa watoto, na kwa hilo mwenye duka alimtendea wema. Lakini swali lake lilikuwa zito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, na ndilo lililonifanya niandike makala ya wiki hii.

Ukisoma maandishi madogo kwenye pakiti za baadhi ya dawa za mafua utaona neno la Kiingereza pseudoephedrine. Hiyo ndiyo pseudoefedrini. Kazi yake ni kubana mishipa midogo ya damu iliyovimba ndani ya pua, na mishipa ikishabanwa njia ya hewa hufunguka. Ni dawa ya zamani, na inafanya kazi. Shida ni kwamba pseudoefedrini, pamoja na nduguye efedrini, ina umbo la kikemia linalokaribiana mno na la methamfetamini, dawa ya kulevya kali ambayo vijana huiita meth au ice. Walanguzi wanaujua ukaribu huo vizuri sana. Kwao, shehena ya dawa ya mafua ni malighafi.

Kwa wale ambao hawajapata kumwona mtu aliyezama katika methamfetamini, nieleze kidogo. Mtumiaji hukesha siku mbili au tatu bila usingizi wala chakula. Moyo humwenda mbio, presha hupanda, na kiharusi tunachokizoea kwa wazee humpata kijana wa miaka 25. Meno huoza. Kisha huanza kuwashuku watu wa nyumbani mwake, akasikia sauti zisizokuwapo, na wengine hugeuka hatari kwa wazazi wao. Mraibu wa heroini tuna cha kumpa: tangu mwisho wa 2014 kumekuwa na kliniki za methadoni humu nchini, ya kwanza ikiwa Mathari. Kwa methamfetamini hakuna dawa kama methadoni. Tunatibu presha, tunatuliza wazimu, tunatoa ushauri nasaha na kungoja. Ndiyo sababu mimi kama daktari napendelea kuizuia kemikali kiwandani au bandarini kuliko kumpokea kijana akiwa amefungwa kamba kwenye kiti cha nyuma cha gari la babake.

Sufuria bila unga

Dawa nyingi za kulevya hazioti shambani zikiwa tayari. Afyuni inayogemwa kwenye mipopi ya Afghanistan haigeuki heroini mpaka itiwe kemikali iitwayo anhidridi ya asetiki. Majani ya koka ya Colombia, Peru na Bolivia huhitaji kemikali kadhaa ili yatoe kokeini, na moja yao ni pamanganeti ya potasiamu, inayotumiwa kuisafisha. Methamfetamini nayo huhitaji efedrini, pseudoefedrini, au kemikali nyingine za jamii hiyo. Mpishi asiye na unga hawezi kusonga ugali hata awe na moto na sufuria, na mlanguzi asiye na kemikali hizi hana biashara. Wenzetu wa Tanzania wanaziita kemikali bashirifu, na mimi nitalitumia jina hilo kwa kuwa sijaona lililo bora.

Sasa angalia ugumu ulipo. Anhidridi ya asetiki ndiyo viwanda vinavyotumia kutengeneza aspirini na paracetamol, dawa mbili ambazo nina hakika umezimeza mwaka huu. Pamanganeti ya potasiamu ni ule unga wa zambarau ambao nyanya zetu walitia katika karai la maji ili kuosha vidonda, na mpaka leo twautumia kwa magonjwa fulani ya ngozi na katika kusafisha maji. Asetoni iko katika chupa ya kuondolea rangi ya kucha. Asidi ya salfuriki iko kwenye betri ya gari lako. Zote hizi zimo katika orodha za kimataifa za kemikali zinazochungwa. Huwezi kuzipiga marufuku bila kufunga viwanda na hospitali, na ukiziachilia bila macho yoyote, kiasi fulani kitapotelea njiani.

Orodha hizo zilitokana na mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotiwa sahihi Vienna mwaka 1988, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1992. Miaka miwili baadaye Bunge letu likapitisha sheria ya 1994 ya kudhibiti mihadarati. Kifungu cha 12 cha mkataba ule ndicho kinachohusu kemikali. Mwanzoni zilikuwa 12 tu, zimegawanywa katika majedwali mawili. Leo zimepita 40. Kifungu hicho kina jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Hakikusema tu kwamba serikali zitazame na kukamata. Kilitaka uchunguzi wa biashara hii ufanywe kwa ushirikiano wa karibu na watengenezaji, waagizaji, wauzaji wa nje, wauzaji wa jumla na hata wa rejareja, na kwamba hao ndio watoe habari wakiona oda inayotia shaka.

Sababu yake si ngumu kuiona. Polisi hajui kiwanda cha rangi hutumia mapipa mangapi ya asetoni kwa mwezi. Afisa wa forodha akiona karatasi zimejazwa sawasawa, hana la kuuliza. Karani wa mauzo aliyekaa dawati lile miaka 10 ndiye anayejua kwamba mteja huyu hajawahi kununua zaidi ya pipa mbili, na leo anataka 40.

Kosa la Marekani

Kisa kinachonifunza zaidi ni cha Marekani, nami nitakisimulia kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha yanayotokea serikali na wenye viwanda wanapovutana.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini vijana wa huko walikuwa wakimeza vidonge vya methakwaloni, vilivyojulikana kwa jina la Quaalude. Afisa mmoja wa idara ya kupambana na mihadarati ya DEA, Gene Haislip, aligundua kwamba unga wa kutengenezea vidonge hivyo ulitoka katika viwanda vichache tu duniani. Akazunguka nchi kwa nchi akizungumza na serikali na wenye viwanda, hadi viwanda vikaacha kuutengeneza. Katika muda wa miaka michache Quaalude ikakaribia kutoweka. Kwa kawaida vita dhidi ya mihadarati havina ushindi wa aina hiyo.

Haislip alitaka kurudia mbinu ile ile kwa efedrini na pseudoefedrini, ambazo nazo hutoka katika viwanda vichache, hasa vya India, China na Ujerumani. Mswada wake ulitaka kila anayeuza kemikali hizi aweke rekodi na kuripoti, ziwe unga ndani ya mapipa au vidonge ndani ya chupa. Makampuni ya dawa yakapinga. Hoja yao ilikuwa kwamba mamilioni ya watu wenye mafua wasingestahili kusumbuliwa, na biashara halali isingestahili kubebeshwa mzigo wa karatasi. Sheria ilipita mwaka 1988, lakini vidonge vilivyokwisha tengenezwa viliachwa nje.

Matokeo yake hata mtoto angeyatabiri. Unga ulipoanza kuchungwa, walanguzi wakageukia vidonge. Mwaka 1993 sheria nyingine ikabana vidonge vya efedrini pekee. Walanguzi wakahamia vya pseudoefedrini. Mwaka 1996 sheria ya tatu ikaja, nayo ikaacha nafasi kwa pakiti za kawaida za madukani. Zikapita karibu miaka 10 kabla ya sheria iliyotiwa sahihi Machi 2006, iliyoziweka dawa hizi nyuma ya kaunta. Mnunuzi alitakiwa kuonyesha kitambulisho na kuandikwa kitabuni, asizidishe gramu 3.6 kwa siku. Kwa hesabu yangu hiyo ni miaka 17 ya kuziba tundu moja huku panya akitoboa jingine.

Si kwamba sheria zote zilikuwa bure. Watafiti wawili, James Cunningham na Lon-Mu Liu, walichunguza idadi ya waliolazwa hospitalini kwa sababu ya methamfetamini, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo yao. Sheria zilizowalenga watengenezaji wakubwa, wanaonunua kwa mapipa, zilifuatwa na kupungua kwa wagonjwa. Zile zilizowalenga wapishi wadogo hazikuleta tofauti kubwa. Naomba uikumbuke habari hii kila utakaposikia mtu akidai kwamba tatizo ni mama anayenunua pakiti tano. Pakiti tano ni neno dogo. Lango kubwa liko kwa muagizaji na bandarini.

Kuna nchi ambako wenye maduka hawakungoja kusukumwa. Australia, mwaka 2005, chama cha wafamasia kilianzisha katika jimbo la Queensland mpango wa kompyuta ulioitwa Project STOP. Mnunuzi wa pseudoefedrini akionyesha kitambulisho, mfamasia huona papo hapo kama mtu huyo amekwisha nunua kwingineko siku hiyo. Polisi nao huona habari zizo hizo. Mwenye mafua ya kweli hupata dawa yake na kwenda zake, na anayezunguka maduka 20 kwa siku moja hujulikana.

Barua inayotangulia meli

Katika biashara ya kimataifa chombo kikubwa cha ushirikiano ni taarifa inayotumwa kabla ya mzigo kusafirishwa. Tuseme kampuni moja ya Nairobi imeagiza efedrini kutoka India. Kabla mzigo haujaondoka, serikali ya India huituma taarifa kwa serikali yetu: kampuni fulani inataka kiasi fulani, mwaijua? Hapo afisa wetu huangalia kama kampuni ipo, kama ina leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, na kama kiasi hicho chalingana na kazi yake. Akipinga, mzigo haupakiwi. Tangu 2006 taarifa hizi hupitia mtandao wa kompyuta unaoendeshwa na Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Mihadarati, INCB, yenye makao yake Vienna. Bodi hiyo pia huchapisha makadirio ya kila nchi, yaani mahitaji yake halali ya mwaka, ili muuzaji aweze kulinganisha.

Mpango huu una udhaifu mmoja mkubwa. Mwenye kuuza akituma taarifa na asijibiwe, anaweza kudhani hakuna pingamizi. Faili ikilala juu ya meza ya afisa aliyeko likizo, mapipa husafiri.

Walanguzi waliuona udhaifu huo mapema. Mexico ilipoanza kuipiga marufuku pseudoefedrini katika miaka ya 2007 na 2008, na nchi za Ulaya na Amerika zikakaza kamba, mawakala walitafuta nchi ambazo hazina mazoea ya kujibu barua. Wakatazama Afrika. Mwaka 2007 operesheni ya kimataifa iliyoitwa Crystal Flow ilifuatilia shehena za efedrini na pseudoefedrini zilizokuwa zikipelekwa Afrika, Amerika na Asia ya Magharibi, na makumi ya tani yakazuiwa kabla ya kupotea. Oda ziliandikwa kwa majina ya makampuni ya Kiafrika, ilhali soko lenyewe lilikuwa ng'ambo ya Atlantiki. Bara letu lilitumiwa kama kituo cha kubadilishia matatu.

Pwani yetu ina sababu nyingine ya kuijali habari hii. Mwezi wa Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya kilo 1,000 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Heroini hiyo ya Bahari Hindi, ambayo watu wa Mombasa na Malindi huiita unga na ambayo imeua vijana wengi huko, chimbuko lake ni Afghanistan. Afghanistan haitengenezi anhidridi ya asetiki. Kila lita inayotumika humo imeingizwa kwa magendo kutoka nchi yenye viwanda, na mahali fulani njiani karani mmoja alitia muhuri karatasi iliyodai kwamba kemikali ile ilikuwa ya kutengenezea kitu kingine. Mwaka 2001 kemikali hiyo ilihamishiwa jedwali linalochungwa zaidi, pamoja na pamanganeti ya potasiamu.

Nisikudanganye kwamba kuchunga viwanda kunatosha. Katika milima ya Afghanistan huota mmea wa efedra, wenye efedrini ya asili, na kwa miaka kadhaa sasa watu wa huko wamekuwa wakiuvuna na kutengenezea methamfetamini. Mmea hauna dawati la mauzo wala leseni. Huko Mexico nako walanguzi walipokosa pseudoefedrini walihamia kemikali nyingine kabisa, na zilipodhibitiwa hizo wakaagiza zilizo hatua moja nyuma yake, ambazo hazikuwa katika orodha yoyote. Machi 2024 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Mihadarati iliongeza kemikali 18 kwa mpigo mmoja, zikiwemo mbili za kutengenezea fentanili, dawa kali iliyoua watu wengi mno Marekani. Baadhi ya kemikali hizi za karibuni hazina matumizi halali yanayojulikana. Sheria huchukua miezi au miaka kuitaja kemikali kwa jina, lakini mwenye kiwanda anayeulizwa kama aweza kutengeneza kitu asichokijua kwa mteja asiyemjua anaweza kukataa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mwaka 2009 INCB ilitoa mwongozo wa namna wenye viwanda vya kemikali wanavyoweza kujiwekea kanuni zao wenyewe kwa hiari, bila kungoja sheria.

Mama juu ya meza ya upasuaji

Msomaji aweza kusema: basi zifungieni zote kabatini. Na hapo ndipo nisipokubaliana na baadhi ya wakubwa wetu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja nisiyoitaja, tulimdunga mama mmoja sindano ya ganzi mgongoni ili afanyiwe upasuaji wa kujifungua. Jambo la kawaida likatokea: presha yake iliporomoka, ikafika 70 kwa 40. Akaanza kutapika na kuniambia kwamba anaona giza. Katika hali hiyo mtoto tumboni naye hukosa damu. Dawa tuliyoihitaji ni efedrini, ampuli moja, ile ile inayosakwa na walanguzi. Ilikuwamo kabatini, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Tulimlaza kwa ubavu wa kushoto, tukamtilia maji kwenye mshipa kwa kasi, na mwuguzi mmoja akakimbia ngazi zote hadi jikoni. Ufunguo ulifika. Mama alipona, na mtoto alilia alipotolewa. Bado nausikia mlio wa viatu vya yule mwuguzi.

Ergometrini, inayotumiwa kuzuia damu kumwagika baada ya kujifungua, nayo imo katika jedwali la kwanza la mkataba ule, kwa kuwa yaweza kutumiwa kutengeneza LSD. Wanaoandika kanuni za kuzuia walanguzi wawaite pia wakunga na wataalamu wa ganzi. Kitabu cha rekodi chumbani cha upasuaji ni sawa, na ampuli zihesabiwe kila zamu. Ufunguo usiondoke mlangoni.

Udhibiti una namna nyingine ya kumfikia mgonjwa, nayo ni ya hila zaidi. Marekani ilipobana pseudoefedrini, makampuni yalitafuta kitu cha kuweka mahali pake ili vidonge virudi kwenye rafu za wazi. Mwaka 2005 Pfizer ilianza kuuza Sudafed PE, yenye fenilefrini. Makampuni mengine yakafuata, na dawa za aina hiyo zimeenea duniani, humu nchini pia. Fenilefrini ya kudunga au ya kutia puani ina kazi yake. Ile ya kumeza huharibiwa kwa wingi na utumbo na ini kabla ya kufika puani. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua, na Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe katika dawa hizo. Haina sumu kwa kipimo cha kawaida. Ni pesa zako tu zinazokwenda bure. Ukisoma phenylephrine kwenye pakiti ya vidonge, usitarajie makubwa.

Pseudoefedrini nayo, ijapokuwa inafanya kazi, si ya kila mtu. Hubana mishipa ya pua, lakini haiulizi njia. Hubana na mishipa mingine. Mwaka 2024 wadhibiti wa dawa wa Ulaya, baada ya kuchunguza visa vichache vya mishipa ya ubongo kubanwa, walishauri isitumiwe na mtu mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho na anayetumia dawa fulani za kutibu huzuni wazungumze na daktari kwanza. Na usiimeze usiku ukitaka kulala.

Kwa wenye maduka na mabohari

Najua ukurasa huu husomwa pia na wafanyabiashara wa Industrial Area na wenye maduka ya dawa mitaani, kwa maana baadhi yenu ni wagonjwa wangu. Dalili za mteja wa kutiliwa shaka si siri. Kampuni yake ilisajiliwa juzi na haina anwani ila sanduku la posta na nambari ya simu. Anataka kulipa pesa taslimu kwa mzigo ambao wengine hulipia benki. Habishani juu ya bei. Hawezi kueleza kemikali ni ya kazi gani, au anaeleza kazi ambayo kemikali hiyo haifanyi. Anataka mapipa yabandikwe lebo nyingine, au yapelekwe nyumbani mtaani badala ya kiwandani. Dalili moja yaweza kuwa bahati mbaya tu. Zikikutana tatu, chelewesha mauzo, weka nakala ya karatasi zake na upige simu kwa Bodi ya Dawa na Sumu au kitengo cha polisi cha kupambana na mihadarati.

Na serikali nayo ina deni. Mwenye bohari aliyepiga simu mara mbili asijibiwe hatapiga ya tatu. Aliyetoa habari kisha akaitwa kituoni kama mshukiwa atawaonya wenzake wote. Nimezungumza na wenye maduka ya dawa wanaosema hawajawahi kuelezwa ni kemikali zipi zilizo katika majedwali. Wengi walidhani ni kazi ya uwanja wa ndege. Semina moja kwa mwaka na karatasi moja ya orodha iliyobandikwa ukutani vingesaidia kuliko msako wa ghafla unaofuatwa na wapiga picha.

Turudi kwa yule mama wa mafua. Kabla hajaondoka nilimfungia kitambaa cha kipimo mkononi, kwa mazoea tu, maana hakuwa amelalamika juu ya presha. Ilisoma 168 kwa 104. Nikangoja dakika kumi, nikapima tena: 164 kwa 102. Aliniambia kwamba kwa wiki nzima alikuwa akimeza vile vidonge, viwili asubuhi na viwili jioni, na kwamba kichwa kimekuwa kikimgonga akidhani ni mafua. Nilimwambia aviache, asukutue pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na arudi Jumatatu. Jumatatu pua ilikuwa imefunguka, na presha ilikuwa 150 kwa 96, ambayo bado ni ya juu. Sasa tunaitibu hiyo. Anasema amekwisha mwomba radhi yule mwenye duka.